Presha ya hewa kwenye brashi ya hewa: mwongozo kamili kwa wapaka modeli

Kila anayeanza kupaka modeli kwa brashi ya hewa, kile kifaa kinachorusha rangi kwa hewa, huuliza swali lilelile la psi, kipimo cha presha: "Niweke psi ngapi?" Mimi pia niliuliza. Nikaambiwa 20, nikaweka 20, na siku hiyohiyo nikaharibu bawa la ndege ya kipimo cha 1/48 (mara 48 ndogo kuliko halisi) ambalo nilikuwa nimelipiga msasa kwa wiki mbili. Rangi ilifika kwenye plastiki, ikakataa kutulia, ikakimbia pande zote kwa vijimguu vyembamba kama tandu. Geji ilisema 20 sawasawa, wala haikuwa na kosa. Rangi ilikuwa nyepesi kama maji, nami nilikuwa nimeisogeza brashi hadi sentimita mbili kutoka kwenye bawa.

Tangu hapo nashikilia jambo moja: presha ndiyo inayorekebishwa mwisho. Unaanza na rangi, unaamua unapaka kitu gani na kwa umbali gani, ndipo unashika kitasa cha regyuleta, kifaa kinachopunguza presha ya hewa inayotoka kwenye kompresa. Ukipindua mpangilio huo, kila namba utakayopewa itakuangusha, hata hizi nitakazozitaja humu.

## Hewa inafanya kazi gani hasa

Ndani ya brashi, hewa hupita kwa kasi kuizunguka ncha ya nozeli, kile kijitundu rangi inapotokea. Pale inapopita, presha inashuka, na rangi iliyomo kwenye nozeli inavutwa nje. Ikishatoka tu, hewa hiyohiyo inaipasua kuwa matone madogo na kuyabeba hadi kwenye modeli. Kuvuta, kupasua, kubeba: ukiongeza presha unaziongeza kazi zote tatu kwa mpigo, hata kama ulihitaji moja tu.

Presha ikiwa ndogo mno, hewa haina nguvu ya kupasua. Matone yanatoka makubwa na yasiyolingana, na modeli inabaki na madoadoa. Presha ikiwa kubwa mno, matone yanakuwa madogo kupita kiasi na mengine yanakauka njiani kabla hayajagusa plastiki. Yakifika yanakaa kama vumbi. Na ukiwa karibu, hewa kali inaisukuma rangi ambayo bado ni mbichi. Hao ndio tandu wangu.

Angalia pia kikombe cha rangi kiko wapi. Brashi yenye kikombe juu inasaidiwa na uzito wa rangi yenyewe kushuka, hivyo inafanya kazi vizuri kwa presha ndogo. Yenye chupa chini inategemea hewa iinyonye rangi ipande, na itadai psi kadhaa zaidi kabla haijatoa chochote. Mtu wa chupa chini akifuata namba za mtu wa kikombe juu atadhani brashi yake imeziba. Namba zote za humu ni za kikombe juu, na nozeli ya milimita 0.3, ambayo ndiyo wengi wanayo.

Geji nyingi zina mistari miwili ya namba, psi na bar. Bar 1 ni psi 14.5. Kwa hesabu ya haraka, psi 10 ni bar 0.7, psi 15 ni kama bar 1, psi 20 ni bar 1.4 na psi 30 ni kama bar 2.

## Vifaa vinavyoshika presha

Kompresa isiyo na tangi huisukuma hewa kwa mapigo ya pistoni, na mapigo hayo hufika hadi kwenye ncha ya brashi. Ukipaka eneo pana hutayaona. Chora mstari mwembamba uone: unanenepa, unakonda, unanenepa tena, na utaulaumu mkono wako bure. Tangi, hata la lita 3 tu, linayameza mapigo hayo. Kompresa ndogo zenye tangi huwa pia na swichi ya presha. Nyingi huzima tangi likifika karibu bar 4 na kuwaka tena likishuka karibu bar 3. Regyuleta ndiyo inayoipunguza hewa hiyo hadi kiwango unachotaka, kwa hiyo kompresa ikiwaka katikati ya kazi usishtuke, presha ya kwenye brashi haitakiwi kubadilika. Ikibadilika, regyuleta ndiyo mgonjwa.

Kama huna tangi, mpira mrefu wa hewa unasaidia kidogo kulainisha mapigo. Si dawa kamili.

Makopo ya gesi ya kubana nayapinga kwa mtu yeyote anayetaka kujifunza kudhibiti presha. Kopo linapotoa gesi linapoa, na likipoa presha yake inashuka, kwa hiyo unaanza mstari na presha moja na kuumaliza na nyingine. Ukilazimika kuyatumia, kuwa na mawili, ubadilishane. Moja linapumzika na kurudi joto la chumba wakati jingine linafanya kazi.

Kichujio cha maji ni lazima. Hewa ikibanwa inapata joto, ikipoa kwenye mpira mvuke wake unageuka maji, na tone moja linatosha kukuharibia. Nitalirudia hili.

Cha mwisho ni ile vali ndogo ya kurekebisha hewa, ambayo baadhi ya brashi huja nayo chini ya mdomo na nyingine hufungiwa mahali mpira unapoungana na brashi. Ni kiskurubu tu, lakini kinakuwezesha kupunguza hewa kwa kidole bila kuinuka kwenda kwenye kompresa. Kumbuka tu kwamba iko mbele ya geji: ukiibana, geji haitakuonyesha ulichopunguza. Ninapoanza kazi huwa naifungua yote, naweka presha kwenye regyuleta, kisha vali naitumia kushuka tu.

## Kwanza, hakikisha hewa haivuji

Washa kompresa, tangi lijae, ijizime yenyewe. Chomoa umeme. Usiguse brashi. Subiri dakika 10 ukitazama geji. Sindano ya geji ikishuka, kuna mahali panavuja.

Chukua maji ya sabuni na brashi ya kawaida, upake kila kiungo: kwenye tangi, kwenye regyuleta, mwanzo na mwisho wa mpira, na shingo ya brashi ya hewa. Panapovuja patatoa mapovu. Mara nyingi dawa ni kukifungua kiungo, kuzungushia ule utepe mweupe wa mafundi bomba mara mbili au tatu kwa kufuata mwelekeo wa nyuzi za skrubu, na kukifunga upya. Viungo vyenye mpira mdogo wa mviringo ndani havihitaji utepe. Hivyo kagua kama mpira wenyewe umekatika. Wala usikaze kwa nguvu zote. Shingo ya brashi ni ya shaba, na nyuzi zake zikiliwa hazirudi.

Unaweza kuvumilia uvujaji mdogo, ila ujue kompresa itawaka mara nyingi zaidi, itapata joto zaidi, na itakutengenezea maji zaidi.

## Pili, soma geji hewa ikiwa inatoka

Hapa ndipo namba za watu wawili zinapogombana. Geji huonyesha presha fulani hewa ikiwa imetulia kwenye mpira. Ukibonyeza kifyatuo hewa ikaanza kutoka, sindano ya geji inashuka. Inaweza kusoma 20 ikiwa imetulia na 15 ikiwa inatoka; tofauti inategemea regyuleta, urefu na wembamba wa mpira, na ukubwa wa tundu la brashi. Modeli inapakwa na hewa inayotoka, kwa hiyo namba yenye maana ni ile ya pili. Anayesema anapaka kwa 20 na anayesema anapaka kwa 15 huenda wanafanya kitu kilekile, ila mmoja alisoma geji kabla ya kubonyeza.

Fanya hivi:

1. Fungua vali ndogo ya brashi yote, kama unayo. Usiweke rangi bado.
2. Vuta kitasa cha regyuleta juu mpaka kijifungue. Kukigeuza kulia kwa kawaida kunaongeza, kushoto kunapunguza.
3. Shusha hadi chini ya namba unayoitaka. Ukitaka 15, shuka hadi 10 hivi.
4. Bonyeza kifyatuo chini, hewa itoke, ukiendelea kukishikilia hivyohivyo.
5. Hewa ikiwa inatoka, geuza kitasa taratibu upande wa kuongeza mpaka geji isome 15.
6. Achia. Geji itaruka juu, labda 19 au 20. Iache, usiishushe.
7. Bonyeza tena mara mbili tatu. Ikirudi 15 kila mara, sukuma kitasa chini kijifunge.

Hatua ya 3 watu huiruka. Ukishusha presha kutoka juu, hewa iliyokwisha kupita inabaki imefungiwa kwenye mpira na geji inaendelea kuonyesha namba ya zamani. Na hata ikishatoka, springi ya ndani haitulii mahali palepale kama ilivyotokea chini. Kupanda kutoka chini kunakupa namba ileile leo na kesho.

Brashi zile rahisi ambazo kifyatuo chake kinafungua hewa na rangi kwa pamoja zinafuata hatua hizohizo, ila weka thina tupu kwenye kikombe, urushie kwenye karatasi ya kufutia.

## Tatu, rangi kabla ya kitasa

Maelezo ya "iwe kama maziwa" yamezoeleka, na si mabaya, lakini mimi naamini zaidi ukuta wa kikombe. Changanya rangi na thina, kisha kwa kijiti ipandishe kidogo kwenye ukuta wa kikombe na uitazame inavyoshuka. Ikishuka haraka na kuacha utando mwepesi wa rangi nyuma yake, iko tayari. Ikishuka yote bila kuacha kitu, ni nyepesi mno kwa kazi ya kawaida, ingawa inafaa kwa mistari myembamba. Ikijivuta kama uji, ongeza thina.

Akriliki za chupa zenye alkoholi ndani huanza vizuri kwa sehemu moja ya rangi na moja ya thina. Laka, rangi zenye thina kali, zinakubali thina zaidi, sehemu moja kwa moja na nusu au hata mbili. Akriliki za maji za chupa za vitone zinahitaji thina kidogo, na afadhali thina yake yenyewe; alkoholi kali inaweza kuzigandisha zikawa kama jibini ndani ya nozeli. Zile zilizoandikwa kuwa tayari kwa brashi ya hewa bado mimi naziongezea matone machache, maana "tayari" ya kiwandani ilipimwa kwa brashi ambayo si yangu.

Kanuni inayounganisha yote ni fupi: rangi nzito inataka presha kubwa kuipasua, rangi nyepesi inataka ndogo. Na kila unaposogea karibu na modeli, rangi iwe nyepesi zaidi na presha ishuke pamoja nayo. Ukishusha presha peke yake ukaacha rangi ilivyo, unapata madoadoa. Ukiongeza thina ukaacha presha juu, unapata tandu. Viwili hivyo hutembea pamoja kama miguu.

## Nne, karatasi

Usijaribu kwenye modeli. Chukua karatasi nyeupe, na pembeni yake kipande cha plastiki kilichopakwa praima (rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine), mfano kijiko cha plastiki. Karatasi inanyonya rangi, plastiki hainyonyi. Kitu kinachopendeza kwenye karatasi kinaweza kukimbia kwenye plastiki. Karatasi naitumia kuonea ukubwa wa matone, kijiko kuonea kama rangi inatulia.

Anza na 15 hewa ikitoka. Bonyeza kifyatuo chini kwanza, hewa tupu, kisha kivute nyuma kidogo sana mpaka rangi ianze kuonekana. Piga nukta moja kwa umbali wa sentimita 3. Itazame kwa karibu, hata kwa lenzi. Nukta nzuri ina kiini kilichokolea na kingo zinazofifia bila matone ya kuhesabika. Ukiona matone yaliyotawanyika pembeni kama pilipili manga, presha haitoshi kwa rangi hiyo: ongeza psi 2, au ongeza tone moja la thina. Fanya kimoja tu kwa wakati, la sivyo hutajua kilichokusaidia. Ukiona kiini kimesukumwa na kuacha duara tupu katikati, presha ni kubwa au uko karibu mno. Punguza psi 2.

Nukta zikikubali, chora mistari mitano kwa kasi tofauti. Halafu nenda kwenye kijiko, upake tabaka moja kwa umbali wa sentimita 7 hadi 10. Rangi inapotua iwe na unyevu unaong'aa kwa sekunde chache kisha ufifie. Ikitua kavu tangu mwanzo, uko mbali mno au presha iko juu. Ikibaki imelowa na kuanza kutambaa, unavuta kifyatuo nyuma mno au unakwenda polepole.

Jaribio lote ni dakika mbili. Mimi hulirudia kila ninapobadilisha rangi, hata ikiwa ni ya kampuni ileile, kwa sababu nyeupe na njano za chupa za aina moja hazifanani na nyeusi. Nyeupe hasa ni mkorofi.

## Namba za kuanzia

Zote ni hewa ikiwa inatoka.

Praima huwa nzito na inafunika eneo pana: 18 hadi 22, sentimita 8 hadi 10. Rangi ya msingi 15 hadi 18. Vanishi ya kung'aa 18 hadi 20, tabaka la mwisho likiwa limelowa; vanishi ya kufifisha mng'ao inavumilia 15, lakini ukiipaka kutoka mbali kwa presha kubwa inakauka hewani na kukuachia ukungu mweupe ambao kwenye modeli nyeusi unauma sana. Laka za rangi ya chuma ni nyepesi kama maji tangu kwenye chupa, hivyo 12 hadi 15, matabaka membamba mengi. Mabaka ya kijeshi yenye kingo laini yanapakwa kwa mkono bure, 12 hadi 15, sentimita 3 hadi 4. Mistari myembamba na vivuli kwenye maungio ya bati 8 hadi 12, sentimita 1 hadi 2. Chini ya 8 brashi nyingi huanza kutema.

Kusafisha ndiyo kazi pekee ninayoipandishia hadi 30. Usisahau kuishusha.

## Mfano: pete za Macchi kwenye 1/72

Ndege za kivita za Italia za Vita Kuu ya Pili, kama Macchi C.202, baadhi zilipakwa pete nyingi za kijani juu ya rangi ya mchanga. Wapaka modeli huziita pete za moshi. Ni mtihani wa presha kuliko wa rangi.

Anza na hesabu. Kwenye 1/72, mstari wa milimita 2 ni sawa na sentimita 14.4 kwenye ndege halisi. Mstari huohuo kwenye 1/35 ungekuwa sentimita 7. Yaani mstari unaoonekana mwembamba machoni pako tayari ni mnene kwa rubani wa plastiki. Kwa pete hizi nataka milimita 1 au pungufu.

Rangi ya mchanga nimeshaipaka kwa 16 na nimeiacha ikauke kabisa. Kijani nakichanganya sehemu moja kwa sehemu mbili za thina, ukuta wa kikombe unaacha utando hafifu tu. Natoa kofia ya mbele ya sindano, ile ya ndani ya brashi inayofungua na kufunga rangi kwenye nozeli, ili niweze kukaribia. Ncha ya sindano sasa iko wazi na ukiigusisha kwenye bawa itapinda, hivyo polepole. Naweka 10 hewa ikitoka. Kwenye kijiko pete ya kwanza inatoka na vijinukta pembeni. Kishawishi ni kupandisha presha. Naongeza tone moja la thina badala yake, na vijinukta vinatoweka. Pete ya tatu inaanza kutoa tandu mahali mstari unapokutana na mwanzo wake, kwa sababu pale nasimama kidogo. Hapo presha ndiyo yenye kosa: nabana vali ndogo robo mzunguko, na naanza kuachia rangi mkono ukiwa bado unatembea.

Kisha bawani. Hewa inatoka muda wote, sikiachii kifyatuo juu kati ya pete na pete. Navuta rangi tu na kuirudisha. Anayefunga na kufungua hewa kila pete anapata teke dogo kila anapofungua, kwa sababu presha ile ya hewa iliyotulia, kubwa kuliko 10 yake, ndiyo inayotoka kwanza. Ndiyo maana pete zake zote zina kichwa.

Kila baada ya pete sita au saba nafuta ncha ya sindano kwa pamba ya kijiti iliyoloweshwa thina. Hili linahitaji maneno yake.

## Rangi inayokauka kwenye ncha

Dalili ni hii: ulianza vizuri, baada ya dakika tano inabidi uvute kifyatuo nyuma zaidi, kisha zaidi, halafu inatema bonge. Karibu kila anayeanza hujibu kwa kupandisha presha. Presha ya juu inasukuma bonge litoke, brashi inafanya kazi tena kwa dakika moja, na mtu anaamini amepata dawa. Lakini hewa nyingi inaikausha rangi kwenye ncha kwa kasi zaidi, kwa hiyo anapandisha tena. Niliwahi kumaliza jioni moja nikiwa kwenye 28 na rangi ambayo ilianza vizuri kwenye 14, nikishangaa kwa nini modeli imekuwa kama msasa.

Ncha ikikauka, futa sindano. Ukishafuta, presha yako ya mwanzo itakuwa sahihi vilevile. Kama inakauka kila dakika, tia dawa ya kuchelewesha kukauka matone machache, au shusha presha. Naam, shusha.

## Makosa mengine, kwa haraka

Uso kama ganda la chungwa: rangi nzito, matone hayakupasuka wala kuungana. Ongeza thina kwanza, psi baadaye.

Uso wa mchanga: matone yamekauka hewani. Sogea karibu, punguza presha.

Mapovu ndani ya kikombe: hewa inarudi nyuma kupitia rangi. Hili halitibiki kwenye regyuleta. Nozeli imelegea, imepasuka au imeziba.

Mstari unaonenepa na kukonda kwa mpangilio: mapigo ya kompresa. Bila mpangilio: ncha chafu au rangi yenye chembe, ichuje.

Brashi inatoa rangi ukiwa umebonyeza hewa tu bila kuvuta nyuma: sindano haijakaa mpaka mwisho, au ncha yake imepinda.

Na maji. Nilikuwa napaka vanishi ya mwisho kwenye gari la 1/35, kazi ya mwezi mzima, brashi ikapiga chafya na kudondosha tone la maji safi katikati ya paa. Kichujio kilikuwepo, ila kilikuwa kimejaa na sikuwa nimekitazama tangu asubuhi. Siku yenye unyevu mwingi bonyeza kitufe cha chini cha kichujio kila nusu saa, maji yatoke. Mpira ukiwa umelala sakafuni kwenye mduara, maji hukaa chini ya mduara huo yakisubiri. Utundike ushuke wima. Na kabla ya kila tabaka la vanishi, puliza hewa tupu kwenye kiganja chenye glavu kwa sekunde kumi. Ukihisi ubaridi wa tone, umejiokoa.

Kadiri presha inavyopanda, ukungu wa rangi unaoelea chumbani nao unaongezeka. Barakoa yenye kichujio cha mvuke wa rangi ivaliwe hata kwa akriliki, na feni itoe hewa nje. Mvuke wa laka unashika moto, kwa hiyo kusiwe na mwali karibu, na kompresa ikae mbali na mahali unaporushia. Usielekeze ncha kwenye ngozi wala jicho, hata brashi ikiwa tupu.

## Kufunga kazi

Safisha kwa thina kwenye 30 mpaka itoke safi bila rangi, kisha zima kompresa. Bonyeza kifyatuo hewa yote ya mpira iishe. Fungua skrubu ya chini ya tangi ukiliinamisha, maji yenye kutu kidogo yatatoka. Yaache yaishe, maana yakibaki humo ndiyo yanayoozesha tangi kutoka ndani. Legeza kitasa cha regyuleta hadi sifuri ili springi yake isilale imebanwa.

Kabla hujaondoka mezani, andika nyuma ya kile kijiko: jina la rangi, sehemu za thina, psi hewa ikitoka, umbali, nozeli. Mimi nina boksi la vijiko. Cha Macchi kimeandikwa "kijani, 1 kwa 2 na tone, 10, vali robo, sm 1", na pembeni kina tandu mmoja niliyemwachia makusudi.